Ufunguo Mlangoni kwa Mama

Pietramora,
14 Julai

Kaka yangu mpenzi Saverio,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani, wewe na wifi Loredana, pamoja na watoto ambao kwa picha mlizotuma sasa watalazimika kuinama wakiingia milango yetu. Hamjambo nyote? Mgongo wako unasemaje? Mara ya mwisho uliniambia daktari amekukataza kubeba mifuko ya saruji, nami ninavyokujua, hukumsikiliza. Huku joto limeshaanza, mitini imezaa mapema, na bahari ipo palepale ulipoiacha. Mimi ni mzima wa mwili. Mama naye anaendelea vizuri, mfupa wa nyonga umeunga, anakula na anatukana, kwa hiyo usiwe na wasiwasi kwamba amebadilika.

Barua yako niliipata. Umetaka tuwauzie wale wateja wangu Wabelgiji nyumba ya mama, na mama mwenyewe apelekwe kwa masista kule mjini, akapate kitanda na uuguzi. Umesema upande wako utasaini hata leo, kazi yangu ni kumshawishi mama tu, na nikujibu ndiyo au hapana kwa sababu Wabelgiji hawatangoja milele. Jibu ni hapana, Saverio. Ningeweza kukuambia kwa simu na tukamaliza, lakini hapana hii ina mkia mrefu, na mimi mwenyewe nimejifunga kwenye mkia huo. Soma mpaka mwisho ndipo ushike simu kunifokea.

Kichochoro ulichokiacha, chenye kelele za sufuria na Micu akigombana na punda wake, hakipo tena, na aliyekiondoa ni mimi. Nyumba ya Micu nimewauzia ndugu wawili wa Uswisi. Tanuri la kina Bova sasa ni chumba cha kulala, na mtu analaza kichwa pale palipokuwa moto. Wanakuja mwezi wa nane, wanapiga picha, wanafunga madirisha, wanaondoka. Mama huwa anasema chupi zake alizoanika zimeshatembea ulimwengu kuliko yeye. Sijifanyi malaika. Kazi hii ndiyo iliyonilisha tangu kiwanda cha samaki kilipofungwa, na naiweza. Dirishani ofisini kwetu kuna bango kubwa lenye picha ya kichochoro chetu na maneno: Mji wa pwani ambao haujaguswa. Siku ya kwanza mama alipoliona alilisoma kwa sauti mbele ya bosi wangu, kisha akauliza, haujaguswa kwa sababu umebaki na nani wa kuugusa? Bosi alicheka sana akidhani ni utani.

Utaratibu wa ufunguo unaujua, lakini nitauandika hapa hata hivyo, kwa maana mimi niliyebaki niliusahau nusu. Asubuhi mwanamke akiamka anachomeka ufunguo mlangoni, upande wa nje, na unakaa hapo mchana kutwa. Maana yake nimeamka, nipo, karibu. Jioni taa za njiani zikishawaka anautoa na kuuingiza ndani. Maana yake nimekula, nalala, niacheni. Asubuhi ufunguo usipotokea, jirani anapanda ngazi kuuliza. Ukibaki nje baada ya taa kuwaka, anapanda vilevile. Ndivyo walivyomwahi Micu alipopata kiharusi mara ya kwanza.

Wateja wangu huwa nawaonyesha ufunguo wa mama kwa mbwembwe zote. Tazameni, nawaambia, huku kwetu hakuna wezi, watu wanaacha funguo milangoni! Wanashika vifua vyao, wengine machozi yanawalenga. Lakini habari ya jirani kupanda ngazi sijawahi kumwambia mteja hata mmoja. Haiuzi nyumba.

Sasa kuna Bente. Nadhani nilikutajia. Ni mjane wa Kidenmaki, alikuja likizo ya wiki mbili akaishia kununua nyumba ya marehemu Teresina, ukuta kwa ukuta na mama. Kati ya wote niliowauzia, yeye peke yake ndiye anayekaa mwaka mzima. Anaogelea kila siku hata mwezi wa kwanza, ndiyo maana mama anamwita Bata. Lugha yetu anaiongea kama mtu anayetembea juu ya kokoto bila viatu, lakini anaiongea. Miaka minne wameketi pamoja kizingitini wakimenya maharage, migongo wakiipa njia kama walivyokaa wanawake wetu siku zote, mama akimsimulia maovu ya watu waliokwisha kufa.

Siku ile ya mwezi wa tano mama alipanda kigoda jikoni kuangua pilipili zake zilizotungwa ukutani, kigoda kikateleza. Nyonga ikavunjika, na mbavu mbili zikapata ufa, kwa hiyo sauti ikawa haitoki, ni kunong'ona tu. Taa zikawaka, ufunguo bado uko nje. Bente alipita akitoka baharini. Wiki ile palikuwa na wageni wengi wanapandapanda huku juu, akaogopa mtu asije akamwingilia mama ndani. Akagonga. Hakusikia kitu, kwa kuwa akienda kuogelea huviacha vile vifaa vyake vya masikioni nyumbani. Akadhani mama amesahau ufunguo na amelala. Akauchomoa, akausukuma ndani kupitia lile tundu la paka chini ya mlango, akaenda zake kulala akiwa na amani ya mtu aliyetenda wema.

Mama alilala chini mpaka asubuhi. Aliyemkuta ni Totonno wa gari la mkate, mtu wa huku, aliyepiga honi, akatazama mlango, akaona hakuna ufunguo. Hakungoja kuambiwa na mtu. Aliingilia dirisha la jikoni na unga wake wote. Alinisimulia kwamba alimkuta mama ana baridi kama samaki, macho wazi, na upawa bado ameung'ang'ania mkononi. Neno la kwanza mama alilomwambia ni kwamba anamkanyagia pilipili.

Haya nilikueleza kwenye simu, nawe ukasema maneno mazito kuhusu yule mwanamke. Hukuwa peke yako. Mji mzima ulisema. Kwenye foleni ya mkate wakimwona Bente wananyamaza, akipita wanaitana kwa sauti, jamani ficheni funguo, Mdenmaki huyo! Cosimo pale mkahawani alikuwa anampa kahawa bila kumtazama. Kisha mtu, sijui nani na sitaki kujua, akavunjia vijiti vya meno ndani ya tundu la kufuli lake, na Bente na miaka yake sabini akakaa nje nusu siku juani na nguo za kuogelea zikimkaukia mwilini.

Wiki mbili zilizopita alikuja ofisini kwangu. Alivaa vizuri, kama anakwenda kanisani, akaketi na mikono juu ya magoti, akasema, Mirella, niuzie nyumba yangu. Kisha akaniuliza kama ni kweli alichoambiwa na mwanamke mmoja kwenye foleni, kwamba ufunguo ukibaki nje baada ya taa ni kama mtu anaita. Nikamwambia ni kweli. Halafu akasema, miaka minne umenieleza kila kitu cha nyumba ile, hata panya wanapitia wapi, hili mbona hukuniambia? Nikajitia natafuta kalamu kwenye droo. Alilia kimyakimya, akijifuta kwa upande wa nyuma wa mkono, nami nilikuwa nimeinamia droo nasoma stempu.

Na hapa nikiri kitu cha aibu. Alipotoka, bosi wangu alifurahi. Alisema nyumba ya Bente na ya mama zikiuzwa pamoja, Wabelgiji wataweza kutoboa ukuta na kupata makao makubwa, na kichochoro kizima kitakuwa mikononi mwetu. Na mimi, Saverio, kwa muda wa kupanda ngazi za kwenda nyumbani, nilifurahi naye.

Mama wakati huo alikuwa bado kwangu, chini kule pwani, kwenye chumba changu kinachotazama reli. Kila siku aliuliza swali moja tu, lini anarudi juu. Nilikuwa namwambia kesho, keshokutwa, daktari akisema. Jioni ile nilimmenyea tini, nikamwambia kama habari ya kawaida kwamba Bente anauza, anaondoka, hawezi tena maneno ya watu. Nilitegemea atafurahi, au angalau atatukana. Akatafuna tini lake mpaka likaisha. Kisha akanitazama na kuniuliza, taratibu kabisa, na ule ubao wa dirisha langu la jikoni, ule unaogonga, umeshautengeneza?

Kisu kiliniponyoka. Saverio, ubao ule haugongi.

Sasa nakuambia nilichokificha. Jioni ile ile ya mwezi wa tano, baada ya Bente kupita, nilipanda kichochoroni na Wabelgiji wako. Taa zilikuwa zimewaka. Nilipofika mlangoni kwa mama nilitazama kwenye tundu, kama ninavyofanya tangu utoto bila hata kufikiri. Ufunguo haupo. Moyo ukatulia, nikasema mama amekula, amelala. Basi nikawasimamisha wateja wangu hapo hapo chini ya ukuta wake, nikawaomba wanyamaze kidogo. Huwa nafanya hivyo na wateja wote, ndiyo karata yangu ya mwisho. Nikasema, sikilizeni, mnasikia? Hamsikii kitu. Utulivu huu hampati popote pengine.

Ndipo tukasikia kugonga. Ko. Kimya. Ko, ko. Yule mama wa Kibelgiji akauliza, ni nini hicho? Nikacheka. Nikasema ni ubao wa dirisha la jikoni la mama yangu, umelegea, kila siku namwambia autengeneze lakini kichwa chake kigumu kama jiwe, na yeye huwa analala na kuku. Mume wake akasema akiipata nyumba ile kitu cha kwanza atakachonunua ni bawaba mpya. Tukacheka wote watatu. Kugonga kukazidi, kukawa kwa haraka haraka, nami nikapaza sauti kidogo ili kusiniharibie mambo, nikawaeleza habari za machweo yanavyoonekana kutoka ghorofani. Kisha tukashuka kwenda kula samaki.

Alikuwa anagonga mguu wa meza kwa upawa. Alinisikia neno kwa neno, sauti ya mtoto wake nje ya dirisha, hatua chache tu. Aliposikia nacheka alidhani nacheka kwa sababu nimeshajua na naja. Hilo alinieleza mwenyewe jioni ya tini, bila kupandisha sauti. Nilimwomba anipige kofi. Akasema mkono bado unamuuma.

Usifikiri niligundua siku hiyo. Nilijua tangu asubuhi ile ile Totonno alipotamka neno upawa. Nilijua nikiwa kwenye gari la wagonjwa nimemshika mkono. Nikawaacha watu wamle Bente nyama, wiki baada ya wiki, kwa sababu Bente alikuwepo na alikuwa mgeni, na kosa lake lilikuwa zuri kulisimulia. Nilimuuliza mama kwa nini hakuniumbua tangu mwanzo. Akasema alikuwa ananingoja.

Jumapili baada ya misa niliingia kwa Cosimo wakati pamejaa, nikasema yote, kama nilivyokuandikia wewe, na Wabelgiji, na bawaba, na kicheko. Nilitarajia watanitemea mate. Unajua kilichotokea? Cosimo alifuta kaunta, akanisogezea kahawa, akasema, haya Mirella, ulikuwa kazini, mambo haya yanatokea. Wengine wakatikisa vichwa kwa huruma. Huruma yao kwangu, Saverio, ile ile ambayo Bente hakupewa hata tone. Kufuli langu ni zima mpaka leo, hakuna aliyelivunjia kijiti. Ni Totonno peke yake aliyeondoka na kahawa yake nusu, akaenda na waya na mafuta kusafisha kufuli la Bente.

Mimi nilimfuata Bente ufukweni, nikamwambia mbele ya maji. Alinisikiliza akiwa ameshika taulo. Hakunisamehe pale pale, nami sikumwomba. Alisema kwanza aogelee. Akaenda mbali sana, nikabaki nimekaa juu ya mawe na viatu vyangu vya ofisi mpaka aliporudi. Akasema hatauza kwa sasa, ataona hadi majira ya baridi, na akauliza kama mama bado anapenda biskuti zile za tangawizi.

Alhamisi tulimpandisha mama, Totonno kwa gari mpaka penye ngazi, kisha kwa kiti. Ana chuma chake cha kutembelea, anakichukia, anakisukuma kama anafukuza mbuzi. Mimi nilikuwa nimefungasha nguo zangu nikae naye. Alilitazama begi, akasema anataka jirani, hataki askari wa kumlinda. Mchana nije nipike, nifue, nimwogeshe, vizuri. Usiku nirudi kwangu. Ofisini bado naenda, sina kwingine pa kula, ila Wabelgiji nimewaandikia kwamba nyumba haiuzwi, na bosi hatujasemezana tangu siku hiyo. Lile bango nimelitoa dirishani. Hajaniuliza liko wapi.

Kuna jambo moja zaidi, nalo linakuhusu. Unaukumbuka ufunguo wa pili, ule wenye utepe mwekundu, uliokuwa wako kabla hujapanda meli? Umening'inia msumarini miaka yote hii. Nilidhani safari hii mama atanipa mimi. Jana jioni alimwita Bente, akamwamuru aje na masikio yake, ndivyo alivyosema, akamkalisha kizingitini na kumfundisha tena na tena kama mtoto wa darasa la kwanza: asubuhi ukiukosa, panda. Taa zikiwaka ukiuona, panda. Usigonge, usiulize, usiwe na adabu, ingia tu. Bente akayarudia yote kwa lugha yake ya kokoto. Kisha mama akauchomoa ule wa utepe msumarini na kumtia mkononi, mimi nimesimama palepale na beseni la maji.

Kwa hiyo usiniulize tena ndiyo au hapana. Ukitaka kumwandikia mama, mwandikie yeye mwenyewe, kwa herufi kubwa, macho yanapungua. Usimtaje Mbelgiji. Muulize habari za pilipili.

Nisalimie wifi, wabusu watoto, na mgongo wako uutunze kweli safari hii. Totonno anakusalimu, na Cosimo pia. Naandika hapa jikoni kwa mama, meza ile ile, yeye kaketi mlangoni na Bente wanamenya maharage, na ufunguo uko nje. Nimemuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Amesema nikupe salamu zake zote, na nikuambie kwamba ubao wa dirisha la jikoni ni mzima, haujawahi kulegea.

Ni mimi dada yako,
Mirella